Ada ya Chuo kwa Wahamiaji Wasio na Vibali na Wapiga Kura wa Mchujo nchini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa na Waswahili waishio Marekani na pia na wale wanaofuatilia siasa za huko wakiwa nyumbani. Sehemu kubwa ya majibu inahusu chama cha Republican, kwa sababu ni ndani ya mchujo wa chama hicho ambamo suala hili limewahi kumtikisa mgombea aliyekuwa akiongoza.

Ugomvi wenyewe unahusu nini hasa?

Vyuo vikuu vya umma nchini Marekani ni vya majimbo, na karibu vyote hutoza ada za viwango viwili: ya chini kwa mkazi wa jimbo, na ya juu kwa anayetoka nje ya jimbo. Tofauti si ndogo. Katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, kwa mfano, ada ya mwaka kwa mkazi imekuwa takriban dola 11,000 katika miaka ya karibuni, ilhali asiye mkazi hutozwa dola 40,000 na zaidi. Swali ni hili: kijana aliyeletwa na wazazi wake akiwa mdogo, akasoma shule za jimbo hilo hadi akamaliza sekondari, lakini hana hati za kuishi nchini kihalali, atozwe ada ipi?

Inafaa kusisitizwa mapema kwamba hakuna anayezungumzia elimu ya bure. Pale anaporuhusiwa, kijana huyo hulipa ada ya mkazi kama wenzake wa darasani, na wala hastahili ruzuku wala mikopo ya elimu ya serikali kuu. Baadhi ya majimbo, California ikiwemo, yameongeza misaada yao wenyewe, lakini hilo ni jambo la pili, nalo huwa na upinzani mkali zaidi.

Uchaguzi wa mchujo una nini cha pekee hata maoni ya wapiga kura wake yatazamwe peke yake?

Uchaguzi wa mchujo ndio unaoamua nani atabeba bendera ya chama. Msomaji wa Kenya anaufahamu kutokana na mchujo wa vyama kabla ya uchaguzi mkuu, na wa Tanzania kutokana na kura za maoni ndani ya chama. Tofauti ya Marekani ni kwamba mchujo huendeshwa zaidi na majimbo kwa sheria za majimbo, na kanuni za nani aruhusiwe kupiga kura hazifanani. Florida huwaruhusu waliojiandikisha kama wanachama peke yao. Texas haina uandikishaji wa kichama, hivyo mpiga kura huchagua siku hiyo hiyo ni mchujo wa chama gani atashiriki. Katika mchujo wa urais, Warepublican wa Iowa hutumia mikutano ya jioni, ambako watu huketi kwenye kumbi za shule na makanisa, wakasikiliza hotuba fupi, kisha wakapiga kura.

Wanaojitokeza ni wachache. Mikutano ya Republican huko Iowa mwezi Januari 2012 ilihudhuriwa na watu takriban 122,000 katika jimbo lenye watu milioni 3 hivi. Hao wachache ndio wenye hamasa zaidi, wenye umri mkubwa kuliko wastani wa taifa, na ndio wanaofuatilia kwa makini nani amekiuka msimamo wa chama. Jambo ambalo raia wa kawaida huliona kuwa dogo, kwao laweza kuwa kipimo cha uaminifu.

Kwa nini shule ya msingi na sekondari si tatizo, lakini chuo ni tatizo?

Kwa sababu shule ya msingi na sekondari zililindwa na Mahakama ya Juu. Mwaka 1975 Texas ilipitisha sheria iliyoziruhusu wilaya za shule kuwakataa watoto wasio na vibali, na wilaya ya mji wa Tyler ikaamua kuwatoza dola 1,000 kwa mwaka, kiasi ambacho familia za vibarua hazikukimudu. Kesi ilifika Washington, na mwaka 1982, katika uamuzi unaojulikana kama Plyler dhidi ya Doe, majaji watano dhidi ya wanne walisema kwamba kuwanyima watoto hao shule kunakiuka Katiba. Uamuzi huo ulihusu elimu ya msingi na sekondari; vyuo havikuguswa.

Pengo hilo lilijazwa na Bunge la Marekani mwaka 1996, kwa sheria mbili zilizotiwa saini na Rais Bill Clinton. Moja ilisema kwamba jimbo likitaka kuwapa wasio na vibali manufaa ya umma, ni lazima lipitishe sheria mpya inayosema hivyo waziwazi. Nyingine ilisema kwamba asiye na kibali hawezi kupewa nafuu ya elimu ya juu kwa kigezo cha ukazi wake katika jimbo, isipokuwa raia yeyote wa Marekani naye awe anastahili nafuu hiyo hiyo, hata kama anatoka jimbo lingine. Kifungu hicho kimoja ndicho chimbuko la kesi zote zilizofuata, na pia la hoja kali zaidi iliyotolewa katika mchujo wa mwaka 2011.

Sheria ya Texas ya mwaka 2001 ilisema nini?

Texas ilikuwa ya kwanza kutunga sheria ya namna hii. Mswada nambari 1403, ulioasisiwa na mwakilishi Rick Noriega wa Houston, ulipita katika mabaraza yote mawili huku wapinzani wakiwa wa kuhesabika kwa vidole, na Gavana Rick Perry, wa Republican, akautia saini mwezi Juni 2001. California ilifuata miezi michache baadaye.

Masharti yalikuwa matatu: kijana awe ameishi Texas miaka mitatu kabla ya kumaliza sekondari, awe amehitimu katika shule ya jimbo hilo au kupata cheti kinacholingana, na atie saini hati ya kiapo kwamba ataomba ukazi wa kudumu mara tu atakapostahili. Hati hiyo ya kiapo ilikuwa karatasi fupi yenye mzaha mchungu ndani yake. Kijana aliahidi kufanya jambo ambalo angekuwa ameshalifanya kama sheria ingemruhusu. Kwa wengi wao hakukuwa na mlango wowote wa kuombea ukazi, na ahadi ilikaa katika jalada la ofisi ya udahili bila kuiva.

Tanbihi ya kisheria: sheria haikumtaja mtu kwa uhamiaji wake peke yake. Ilishika kigezo cha kusoma na kuhitimu katika jimbo, ili Mmarekani aliyesoma sekondari Texas kisha akahamia kwingine naye aweze kunufaika. Kwa mbinu kama hiyo California iliokoa sheria yake mbele ya Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 2010, na katika Chuo Kikuu cha California sehemu kubwa ya walionufaika wakawa raia na wakazi halali.

Ni nini kilimpata Rick Perry katika mchujo wa 2011?

Perry aliingia kinyang'anyiro cha urais tarehe 13 Agosti 2011, na katika majuma machache alikuwa anaongoza tafiti za maoni miongoni mwa Warepublican. Katika mdahalo wa Tampa mwezi Septemba alibanwa kuhusu sheria ya 2001, akaitetea, na baadhi ya watu ukumbini wakamzomea. Alinusurika.

Siku kumi baadaye, tarehe 22 Septemba, wagombea tisa walikutana tena Orlando. Mitt Romney alikuja na hesabu yake: raia wa jimbo lingine akienda Chuo Kikuu cha Texas atalipa karibu dola 100,000 zaidi kwa miaka minne kuliko asiye na kibali aliyehesabiwa mkazi. Rick Santorum naye akamshambulia. Perry alijibu kwamba yeye hadhani kuwa mtu anayesema tusiwasomeshe watoto walioletwa katika jimbo bila kosa lao wenyewe ana moyo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tampa alikuwa anaitetea sera. Orlando alihukumu tabia ya wanaoipinga. Wapinzani wake jukwaani walikuwa wachache, lakini mamilioni waliokuwa wakitazama nyumbani nao walikuwa na msimamo uleule wa kina Romney, na kila mmoja alijiona ameambiwa yeye hana moyo. Romney hakulala: kesho yake aliwaambia wahafidhina kwamba kupinga uhamiaji haramu hakumaanishi kukosa moyo, bali ni kuwa na moyo na akili pia. Tarehe 24 Septemba, katika kura ya majaribio ya wajumbe wa chama huko Florida, Herman Cain alishinda kwa asilimia 37, na Perry, aliyetarajiwa kutamba, akapata takriban asilimia 15. Siku chache baadaye alikiri kwamba neno alilolitumia halikufaa.

Haitakuwa haki kusema kwamba ada ya chuo peke yake ndiyo iliyomwangusha. Alikuwa dhaifu katika midahalo, na tarehe 9 Novemba alisahau mbele ya kamera jina la wizara ya tatu aliyokusudia kuifuta. Alimaliza wa tano Iowa na kujitoa tarehe 19 Januari 2012. Hata hivyo, aliyefuatilia mfululizo wa tafiti za wakati ule anajua kwamba mporomoko ulianzia Septemba, kabla ya kusahau huko.

Basi kila mgombea wa Republican anayeunga mkono ada nafuu hushindwa?

Hapana, na mfano wa kupinga wazo hilo ni wa miaka minne tu kabla ya Perry. Mike Huckabee, alipokuwa gavana wa Arkansas, aliunga mkono mswada wa mwaka 2005 wa kuwapa vijana hao nafuu ya chuo na nafasi ya ufadhili, mswada haukupita. Katika mdahalo wa Novemba 2007 mjini St. Petersburg, Florida, Romney, ambaye mwaka 2004 akiwa gavana wa Massachusetts alikataa kwa kura ya turufu pendekezo kama hilo, alimvaa kwa jambo hilo. Huckabee alijibu kwa upole kwamba Marekani ni nchi bora kuliko kuwaadhibu watoto kwa makosa ya wazazi wao. Tarehe 3 Januari 2008 alishinda Iowa kwa asilimia 34.

Maoni yalikuwa yaleyale, chama kilekile, na hata mshambuliaji yuleyule. Tofauti ni kwamba Huckabee, mchungaji wa Kibaptisti, aliongea na waumini wa Iowa kwa lugha wanayoisikia kila Jumapili, hakumtukana aliyempinga, na kwa tahadhari alikuwa ametoa mpango mkali wa ulinzi wa mipaka. Nadhani funzo ambalo washauri wa kampeni walipaswa kulichukua ni hili, si lile la kukimbia mada yote, ingawa wengi walichukua lile la kukimbia.

Wapiga kura hawa hupinga kwa hoja zipi?

Ya kwanza na yenye nguvu ni ya mpangilio wa foleni. Mpiga kura wa Ohio ambaye binti yake angelipa ada ya mgeni akitaka kusoma Texas alijiuliza kwa nini mtu ambaye sheria inasema hakupaswa kuwepo nchini alipe chini yake. Hoja hii haimchukii kijana. Inahusu nani ametangulizwa. Ndiyo maana hesabu ya Romney ilipenya kuliko hotuba yoyote kuhusu mipaka.

Ya pili ni ya kuvuta: kwamba kila nafuu inayotolewa huwa mwaliko kwa familia nyingine kuvuka mpaka. Watetezi hujibu kwamba hakuna mzazi anayevuka jangwa akiwaza ada ya chuo ya miaka kumi na mbili ijayo, na jibu hilo lina mantiki, lakini katika mchujo huonekana kama kukwepa, kwa sababu mpiga kura haioni sheria moja, anaona orodha ndefu ya nafuu.

Ya tatu ni ya kodi. Vyuo vya umma hulishwa na walipa kodi wa jimbo. Hapa mabishano huchafuka, kwa kuwa wahamiaji wasio na vibali nao hulipa kodi ya mauzo dukani, na kodi ya nyumba kupitia pango, na Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi hata kidogo. Perry mwenyewe alitumia hoja ya kiuchumi: afadhali kijana awe mlipa kodi mwenye shahada kuliko mzigo wa jimbo. Wafanyabiashara wa Texas waliielewa mwaka 2001. Mwaka 2011 aliirudia, lakini ilikuwa imechelewa.

Ya nne haisemwi sana jukwaani lakini husikika kwenye mikutano ya kata: kwamba viongozi wa chama huahidi ukali wakati wa mchujo kisha hulegea wakishachaguliwa. Kwa mpiga kura wa namna hii, ada ya chuo ni njia ya kumpima mgombea kama anasema kweli. Ukiondoa chuo, angetafuta kipimo kingine.

Na wale wanaounga mkono ndani ya Republican ni akina nani?

Kwa jumla, ni wafanyabiashara wanaohitaji wafanyakazi wenye elimu, viongozi wa makanisa, Warepublican wenye asili ya Kilatino, na wabunge wa majimbo ambayo vijana hawa wamejaa madarasani. Utah, jimbo la kihafidhina kabisa, ilipitisha sheria yake mwaka 2002. Kansas ilifuata mwaka 2004, na Nebraska mwaka 2006 licha ya kura ya turufu ya gavana wake. Marco Rubio, alipokuwa katika Baraza la Wawakilishi la Florida, aliwahi kuidhamini pamoja na wengine miswada ya ada nafuu, jambo ambalo baadaye hakulitangaza sana.

Tafiti za maoni zinaonyesha nini?

Zinaonyesha kwamba jibu hutegemea sana swali. Utafiti wa Kituo cha Pew wa mwezi Juni 2020 ulikuta asilimia 74 ya Wamarekani wakiunga mkono kuwapa hadhi ya kisheria wahamiaji walioletwa nchini wakiwa watoto. Kwa Republican ilikuwa asilimia 54, na kwa Democratic asilimia 91. Ukisoma tarakimu hizo peke yake utadhani Perry alikuwa salama.

Lakini swali la Pew lilikuwa la hadhi ya kisheria kwa walioletwa wakiwa watoto. Swali la ada nafuu huja na fedha ndani yake, na fedha huleta ulinganisho. Mpiga kura akiulizwa kuhusu watoto walioletwa na wazazi, hujibu akimfikiria mtoto; akiulizwa kuhusu wahamiaji haramu kulipiwa na walipa kodi, hujibu akifikiria mkoba wake. Isitoshe, Warepublican wanaojibu tafiti za kitaifa ni wengi na wa aina nyingi kuliko wale wanaoamka kwenda kupiga kura ya mchujo siku ya Jumanne. Kwa hiyo mtu akikuletea asilimia, mwulize maneno halisi ya swali, na aliyeulizwa ni nani.

Je, wananchi wote wakiulizwa moja kwa moja kwenye sanduku la kura, hujibu vipi?

Mifano mitatu inatosha. Mwezi Novemba 2006, wapiga kura wa Arizona waliidhinisha pendekezo nambari 300, lililowanyima wasio na vibali ada ya mkazi na misaada ya jimbo, kwa takriban asilimia 71. Mwezi Novemba 2012, wapiga kura wa Maryland waliulizwa kama sheria ya ada nafuu iliyopitishwa mwaka uliotangulia ibaki. Wapinzani ndio waliokusanya saini kuipeleka kwenye kura ya maoni, wakiamini wananchi wangeifuta, lakini karibu asilimia 59 walisema ibaki. Kisha, mwezi Novemba 2022, Arizona ilirudi kwenye sanduku, na pendekezo nambari 308, la kuwapa ada ya mkazi waliosoma sekondari jimboni miaka miwili na kuhitimu, likapita kwa takriban asilimia 51.

Miaka 16 ilitosha kuligeuza jimbo lile lile. Lakini tazama pia upande wa pili: mwaka 2022 Warepublican wa Arizona, katika mchujo wao wa mwezi Agosti, walimteua mgombea ugavana aliyejijenga kwa ukali juu ya uhamiaji, na miezi mitatu baadaye wapiga kura wa jimbo zima wakapitisha ada nafuu na kumkataa mgombea huyo. Ni jimbo moja na mwaka mmoja, ila umma ulioulizwa haukuwa ule ule.

Chama cha Democratic kinagawanyika katika suala hili?

Kwa sasa, si kwa kiwango cha kumwangusha mgombea. Kufikia mchujo wa 2020, wagombea wake wakuu walikuwa wamekubaliana juu ya haki ya vijana hawa, na walibishana juu ya mambo ya mbali zaidi, kama kufuta ada kwa wote.

Kwa nini mwanasiasa mmoja husema haya leo na kinyume chake kesho?

Florida inaeleza vizuri. Rick Scott alishinda mchujo wa ugavana wa 2010 akimshambulia mpinzani wake kuwa mlegevu kuhusu uhamiaji. Mwaka 2014, bila tishio kubwa ndani ya chama na akikabiliwa na uchaguzi mkuu mgumu, alitia saini sheria ya kuwaondolea vijana wasio na vibali ada ya juu. Mdhamini mmoja wa sheria hiyo alikuwa Jeanette Nuñez, ambaye baadaye, akiwa naibu gavana, alisema wakati wake umepita. Mwezi Februari 2025, Gavana Ron DeSantis, aliyekuwa amegombea urais katika mchujo wa 2024, alitia saini kuifuta, na ikakoma tarehe 1 Julai 2025.

Chris Christie wa New Jersey alisubiri hadi achaguliwe tena, kisha mwezi Desemba 2013 akatia saini ada nafuu huku akikataa kipengele cha misaada ya jimbo. Sidhani hawa walibadili imani. Walibadilisha hadhira.

Sheria ya Texas imeishia wapi?

Wapiga kura wa mchujo waliidhoofisha kidogo kidogo kabla ya mahakama kuimaliza. Mwaka 2014 Dan Patrick aligombea unaibu gavana akiahidi kuifuta, na katika duru ya pili ya mchujo, tarehe 27 Mei, alimshinda David Dewhurst aliyekuwa madarakani kwa takriban asilimia 65. Waliopiga kura siku hiyo walikuwa 750,000 hivi, katika jimbo lenye waliojiandikisha zaidi ya milioni 13. Hata hivyo jaribio la kuifuta mwaka 2015 lilikwama, kwa sababu wabunge wengi, wakiwemo Warepublican, hawakutaka kura hiyo iwasakame katika maeneo yao. Majaribio mengine yalikwama vivyo hivyo, hadi kikao cha 2025 kilichofungwa mwanzoni mwa Juni.

Tarehe 4 Juni 2025, Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki Texas ikitumia kifungu kile cha 1996. Uongozi wa jimbo haukupinga. Ulikubali siku hiyo hiyo, na Jaji Reed O'Connor akaidhinisha makubaliano na kuizuia sheria. Jambo ambalo bunge lilishindwa kulifanya kwa kura kwa miaka kumi lilikamilika kwa mchana mmoja bila upande wa pili kusikilizwa, na vikundi vya wanafunzi vikalazimika kuomba kuingizwa katika kesi iliyokwisha kuamuliwa. Mtu anaweza kuiona sheria ya 2001 kuwa mbaya na bado akashuku njia iliyotumiwa kuizika. Kesi za namna hiyo zilifunguliwa pia dhidi ya Kentucky, Minnesota na Oklahoma mwaka huo huo.

Je, asiye na kibali, au mwenye ukazi wa kudumu, anaweza kupiga kura ya mchujo?

Hapana. Kura za mchujo wa urais, ugavana na ubunge ni za raia. Mwenye kadi ya kijani akipiga kura anaweza kufukuzwa nchini, hata kama aliandikishwa kwa makosa kwenye ofisi ya leseni. Aliyekwisha kula kiapo cha uraia anaruhusiwa.

Suala hili linazigusa vipi familia za Afrika Mashariki na Kongo?

Kwa njia tofauti, kutegemea karatasi alizoingia nazo mtu. Mkongomani au Mrundi aliyeletwa kama mkimbizi kutoka kambi za Nyarugusu au Kakuma ana hadhi ya kisheria tangu anaposhuka ndege. Akitimiza muda wa ukazi, anastahili ada ya mkazi na pia misaada ya serikali kuu, na mjadala huu haumhusu, ingawa makarani wasiojua hutaka kumweka kapu moja na wengine. Mkenya au Mtanzania aliyekwenda kwa viza ya masomo huhesabiwa mwanafunzi wa kigeni na kwa kawaida hutozwa ada ya juu. Sheria nyingi za majimbo hazikumlenga yeye.

Anayeguswa hasa ni kijana aliyefika akiwa mdogo na wazazi wenye viza ya matembezi, viza ikaisha, naye akaendelea na shule kama wenzake. Mara nyingi hugundua hali yake katika mwaka wa mwisho wa sekondari, fomu za chuo zinapomdai nambari ya hifadhi ya jamii ambayo mama amekuwa akiahidi kuitafuta. Kwa kijana wa Maryland mambo ni tofauti kabisa na ya binamu yake wa Houston. Georgia huwafungia wasio na hadhi ya kisheria baadhi ya vyuo vikuu vyake vinavyogombaniwa, na South Carolina iliwafungia vyuo vya umma tangu 2008.

Kwa sababu sheria hizi zinabadilika hata katikati ya mwaka wa masomo, familia iulize ofisi ya udahili ya chuo chenyewe kanuni ya muhula husika, iombe jibu kwa maandishi, na kabla ya kujaza chochote kuhusu hadhi ya uhamiaji imwone wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, si yule mjuzi wa mtaani anayejaza fomu kwa dola hamsini.